Msiba wa Fundi Aliyevuka Ruvuma: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Newala

Wasifu wa marehemu uliosomwa makaburini ulikuwa mfupi kuliko orodha ya rambirambi. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto na wajukuu, akaugua presha kwa muda mrefu, Bwana akamtwaa. Kuhusu kazi yake lilitajwa neno moja tu, fundi. Akina mama wabanguaji wa korosho waliokaa kivulini wakaanza kunong'onezana, na mmoja wao akauliza kwa sauti iliyowafikia hadi wazee wa mbele: "Na mashine je? Mbona mashine hamjaisema?" Katekista akaendelea na sala.

Swali la mama yule ndilo lililozaa andiko hili. Nafundisha ufundi wa vyuma katika chuo kimoja mkoani Mtwara, na marehemu tulifahamiana kwa miaka mingi kwa sababu ya kazi. Baada ya kuanua tanga, familia iliniita Newala niwasaidie kuandaa wasifu mwingine wa kusomwa siku ya arobaini. Kabla hatujafika aya ya pili tulikuwa tumeshagusa uraia, mirathi, biashara na namna ya kukipa kisu ugumu. Majina yote nimeyaacha. Humu atakuwa Mzee Fundi, kama mtaa ulivyomwita.

Alikotoka

Alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwenye uwanda wa juu wa Mueda. Alikuwa mtoto mdogo siku askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, tarehe 16 Juni 1960. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, familia nyingi zilivuka mto. Zilizokuwa na ndugu zilifikia kwa ndugu, maana Wamakonde wako pande zote mbili. Nyingine zilipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi, na huko ndiko wazazi wake walikofikia. Kutoka Rutamba alichukuliwa na misheni moja, akawekwa karakana. Mwenyewe alikuwa akisema alishika tupa kabla hajajua kushika kalamu vizuri.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975 na wengi wakarudi. Yeye alibaki kwa sababu ya kawaida kabisa: alikuwa amepata ajira na mchumba.

Ajira ilikuwa kwenye kiwanda cha korosho. Miaka ile serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikuwa ikijenga viwanda vya kubangua, vikafika 12, vingine kwa mitambo ya Kiitaliano na vingine kwa ya Kijapani. Hesabu ilipigwa kwa mavuno ya nyakati nzuri. Msimu wa 1973/74 zilipatikana takriban tani 145,000. Ila wakati viwanda vinakamilika, korosho yenyewe ilikuwa inazama. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ulikuwa unakausha maua mtini. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani kama 16,500 tu. Mitambo ikasimama, vipuri vikawa havipatikani, majengo yakageuzwa maghala. Sisi watu wa Kusini tumeuona mchezo huu zaidi ya mara moja. Waingereza katika mradi wao wa karanga, uliofika hadi Nachingwea, walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga bandari na reli, na mwaka 1951 mradi ukafa. Reli yenyewe iling'olewa baadaye.

Mzee Fundi alikuwa upande wa matengenezo. Kiwanda kiliposimama alirudi Newala na sanduku la vifaa, na kichwani alibeba jambo alilolishuhudia kwa miaka: mashine nzuri iliyolala kwa sababu ya kipuri kimoja kinachotoka Ulaya.

Mashine yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana wasifu wa kwanza uliharibikia hapa.

Korosho haibanguliwi kama karanga. Ganda lake lina tabaka mbili, na katikati kuna mafuta makali yanayobabua ngozi. Anayebangua kwa mikono mitupu vidole vinaiva, vinakuwa vyeusi, kisha vinachubuka. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo. Ndani ya ganda kimelala kiini kilichopinda kama figo, na bei yote iko kwenye kukitoa kikiwa kizima. Korosho nzima nyeupe ina daraja lake na bei yake. Ikipasuka nusu inashuka. Ikiwa vipande inashuka zaidi. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu iliyobanguliwa, kwa hiyo kila inayovunjika inauma mfukoni.

Akina mama wa mtaani kwake walikuwa wakichoma korosho kwenye karai na kuzigonga kwa kipande cha mti. Mzee Fundi aliwatengenezea mashine ya mezani yenye visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho, kimoja kimetulia, kingine kinasogezwa kwa pedeli ya mguu. Mpaka hapo hakuna uvumbuzi. Mashine za mguu za namna hiyo zipo India na zipo hapa kwetu, na yeye mwenyewe hakudai kuwa wa kwanza. Alichobuni kiko nyuma ya kisu kinachosogea. Aliweka kizuizi cha bolti chenye nafasi tatu, ili kisu kikate ganda na kuishia hapo, kisikiguse kiini. Kabla ya kukata, korosho hupitishwa kwenye chekeche la bati lenye matundu ya saizi tatu alilolitoboa mwenyewe. Ndogo ukaweka bolti nafasi ya kwanza, za kati ya pili, kubwa ya tatu. Mbanguaji anamaliza fungu la saizi moja ndipo anahamisha bolti, kwa mkono, bila spana.

Chini ya visu alining'iniza kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa ubavu, likikinga mafuta ya ganda yasidondokee mapajani. Mama mmoja aliniambia kopo hilo ndilo lililomfanya aipende mashine. Mambo ya bolti aliyaelewa baadaye.

Kila kipande kinapatikana Newala. Visu vinatoka kwenye springi za gari bovu, pedeli na bawaba ni nondo na bomba, springi ya kurudisha kisu ni ya pikipiki. Nilipomuuliza zamani kwa nini asitumie vyuma bora kutoka Dar es Salaam, alinijibu: "Mwalimu, mashine ikiharibika msimu wa korosho, nani atasubiri basi la Dar?" Huo ndio uhandisi wake wote kwa sentensi moja, na kwa maoni yangu ndiyo sentensi iliyopaswa kusomwa makaburini.

"Tuandike alizaliwa Newala"

Ubishi wa kwanza ulikuwa mstari wa kwanza wa wasifu. Mtoto wake mkubwa alitaka iandikwe kuwa baba alizaliwa Newala. Hakuwa na nia mbaya. Mtu wa mpakani akienda kufuatilia kitambulisho huulizwa babu alizaliwa wapi, bibi alizaliwa wapi, na jibu moja likiyumba faili linawekwa pembeni. Alihofia karatasi ya msiba, ambayo watu huipiga picha na kuisambaza, isije ikawafuata wanawe.

Mama mjane alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Mlikuwa na cheti cha tajnisi cha marehemu, kimekunjwa mara nne. Mzee alikuwa raia kwa karatasi, kwa sheria, tangu watoto hawajaanza shule. "Baba yenu hakuwahi kujificha," mama alisema. "Nyie ndio mnamficha sasa hivi, na kafa."

Nikamweleza kijana habari za Nikola Tesla. Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, kilicho Kroatia ya leo, kwa wazazi Waserbia. Aliingia New York mwaka 1884, akapata uraia wa Marekani mwaka 1891. Mota za umeme zinazozungusha mashine nyingi za kusaga mahindi zinafuata wazo alilolipatia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1888. Alifariki New York mwaka 1943, na majivu yake yako Belgrade. Nchi mbili zinagombea kumwita mwana wao, na ya tatu inamhesabu raia wake. Kijana akacheka, akasema, "Kwetu hawatugombei, mwalimu, wanatusukumiana." Sikuwa na la kumjibu. Mstari ukaandikwa kama ulivyo: alizaliwa Mueda, akavuka Ruvuma akiwa mtoto, akawa raia wa Tanzania.

Ila mambo ya asili hayaishii kwenye karatasi. Mtaani wapo waliomwita Mmawia, yaani Mmakonde wa Msumbiji, mpaka anazeeka, wengine kwa utani, wengine si kwa utani. Na jambo linaloniudhi ni kwamba kuvuka kulekule kwa watu kutoka Msumbiji kulituletea wachongaji ambao leo tunawataja kwa fahari. Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani, wa sanamu za mizimwi, katika uchongaji wa Kimakonde, anatajwa kwa jina kwenye vitabu na majumba ya makumbusho. Aliyechonga mpingo ana jina. Aliyechonga kisu cha kubangulia ni "fundi".

Sanduku la nani?

Kikao cha ukoo kiliitishwa ili kuandika muhtasari wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo, apatikane msimamizi wa mirathi. Nyumba, shamba la mikorosho na pikipiki havikusumbua sana. Ubishi uliwaka kwenye vifaa vya karakana. Kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na wapwa zake wawili walisema bila kigugumizi kwamba zana za mjomba huenda kwa mpwa. Watoto nao wakasema zama hizo zimepita, baba alifanya kazi na wao, na sheria haiwaachi.

Mjumbe mmoja mzee, mwanamke, aliuliza swali lililokitikisa kikao: "Katika nyie wote, nani anaweza kuitengeneza hiyo mashine?" Kimya. Mpwa mkubwa ni dereva wa bodaboda. Mtoto mkubwa anauza duka. Wa mwisho alikuwa akimsaidia baba kuchomelea, lakini visu hakuwahi kuachiwa.

Jiliwa, fuawe na mashine ya kuchomelea vingeweza kuuzwa kwa siku moja na fedha zikagawanywa kwa haki tupu, kila mtu akaondoka na chake, na Mzee Fundi akazikwa mara ya pili. Nilisema hivyo mbele ya kikao, na wapo walioona nimevuka mpaka wa mgeni. Walikubaliana, baada ya mvutano mrefu, kwamba vifaa visigawanywe mpaka mirathi ikamilike, na karakana ibaki chini ya mjane, mtoto wa mwisho na mpwa mdogo pamoja. Huyo mpwa alikuwa hajawahi kushika tupa. Alikubali, nadhani, kwa aibu ya lile swali.

Nakala ya mjini

Wakati huo kulikuwa na jambo lingine linafukuta. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amenunua mashine moja ya marehemu, akaipeleka kwa mafundi wa mjini, wakamtolea nakala, naye akaanza kuziuza zikiwa zimepakwa rangi ya kijani inayopendeza. Watoto walitaka kumshtaki. "Amemwibia baba."

Ilibidi niwape habari isiyopendeza. Hataza nchini hutolewa kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Usajili wa Hataza ya 1987, kwa kitu kilicho kipya, chenye hatua ya kiuvumbuzi, na kinachoweza kutumika viwandani. Haki ya kuomba ni ya mvumbuzi na inaweza kurithiwa. Tatizo lilikuwa neno la kwanza, kipya. Mashine hii imetumika barazani, hadharani, kwa miaka na miaka. Kila aliyepita aliiona. Mlango huo ulifungwa na marehemu mwenyewe, tena kwa furaha, maana alikuwa akimwonyesha kila aliyeuliza. Michoro yake ya daftari inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 mpaka miaka 50 baada ya kifo chake, lakini inalindwa kama michoro. Haimzuii mtu kutengeneza chuma.

Kilichobaki wazi ni jina. Alama ya biashara inasajiliwa BRELA, na inaweza kuwa mali ya familia hata kama kitu chenyewe kila mtu anakitengeneza. Hapo watoto walichangamka kidogo, ingawa nilihisi bado walitaka kesi.

Kesi haikuhitajika. Akina mama wawili walionunua zile za kijani walizirudisha kabla msimu haujachanganya. Visu vyake vilikuwa vya bamba la chuma laini. Vilikata vizuri siku za mwanzo, kisha makali yakalala, vikawa vinaminya ganda badala ya kulikata, na kiini kinatoka vipande. Mafundi wa mjini waliiga umbo kwa uaminifu, bolti na matundu yote. Ugumu wa chuma hauonekani kwa macho.

Mama alijua

Na hapo nasi tukakwama, maana daftari la marehemu lina vipimo vya kila kitu isipokuwa hicho. Pale penye visu ameandika tu "springi, choma, oili, rudisha". Fundi yeyote anaelewa hatua hizo: unachoma chuma mpaka kiwe chekundu, unakitumbukiza kwenye oili, kinakuwa kigumu lakini kinakatika kama kigae, kisha unakipasha tena kwa moto mdogo ili kipunguze ukali wa ugumu na kipate uvumilivu. Siri yote iko kwenye "rudisha". Ukikisafisha chuma king'ae na kukipasha taratibu, rangi hupanda juu yake, manjano, kahawia, zambarau, kisha buluu. Ukikiondoa motoni mapema mno kisu kinamegeka. Ukichelewa kinakuwa laini. Yeye alikuwa akiishia rangi gani?

Mtoto wa mwisho hakujua. Nilikuwa nimeshaanza kupanga majaribio ya chuoni, kisu kwa kila rangi, mama mjane alipouliza tunabishana nini. Tukamweleza. Akasema, "Hiyo mbona naijua." Miaka ya mwisho marehemu alikuwa na mtoto wa jicho, rangi hakuziona tena, hivyo alikuwa akimkalisha mkewe karibu na jiko la mkaa jioni, giza likianza, yeye ageuze kisu na mama amwambie lini. Mama akatupa kipimo chake, cha tunda la mkorosho: "Likiwa bibo lililoacha unjano linaingia wekundu, toa. Ukisubiri liive, umechelewa."

Tulijaribu palepale. Alikaa kwenye kigoda, akakunja khanga magotini, macho kwenye chuma. "Bado. Bado. Toa!" Kijana akakitoa na kukitumbukiza kwenye maji. Nilipokipitisha tupa, tupa iliteleza kidogo kisha ikashika, kama kisu cha kazi kinavyotakiwa. Nimeiangalia rangi ile mchana baadaye: kahawia inayoelekea zambarau, ambayo vitabu vya ufundi vinaitaja kwa vifaa vinavyopigwa na kukata.

Kwa hiyo katika wasifu mpya kuna sentensi ambayo haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote, nayo inamtaja mama kuwa mshirika wa kazi. Mtoto mkubwa aliona si kawaida kumsifu mjane kwenye wasifu wa marehemu. Wazee wa ukoo, ambao nilitarajia wangemuunga mkono, walisema iandikwe.

Siku ya arobaini

Misa ilikuwa asubuhi, chakula mchana. Waislamu wa mtaani walikuja wengi kama Wakristo, ndivyo Newala ilivyo. Wasifu ulisomwa na mtoto wa kike wa marehemu, kwa utulivu, na ulipofika kwenye bolti yenye nafasi tatu akina mama walipiga vigelegele, jambo nisilowahi kulisikia kwenye maelezo ya kiufundi. Mashine mbili za zamani ziliwekwa mezani watu wazione. Mwenyekiti wa kijiji akapendekeza mtaa upewe jina lake. Wazo si baya, na halina gharama, ndiyo maana liliungwa mkono haraka. Pendekezo la kuchangia vijana wawili wanunue mkaa, oili na springi za kujifunzia lilipata michango michache na ahadi nyingi.

Maoni yangu kuhusu kisa hiki ni kwamba wasifu wa kwanza haukuandikwa na watu wabaya. Tumezoea kumlilia mtu kwa tabia yake, alikuwa mpole, hakuwa na makuu, na hayo ni kweli na yanafariji. Lakini mvumbuzi ukimsifu kwa upole tu umemwacha nusu barabarani, hasa mvumbuzi mgeni, ambaye kila mmoja anaona ni salama zaidi kutaja wema wake kuliko kutaja alikotoka na alichotengeneza. Mchoro wenye vipimo ungemsaidia kuliko kibao cha mtaa. Kibao kitawekwa, sina ugomvi nacho.

Kwa sasa vijana wamemaliza mashine mbili. Ya kwanza chekeche lake lilitobolewa vibaya, matundu ya kati na makubwa yanakaribiana, ikarudishwa mezani. Ya pili inakata. Ombi la alama ya biashara linaandaliwa, na ubishi uliopo nyumbani ni kama jina la mzee ligongwe kwenye kila mashine itakayotoka karakana au kwenye zile tu ambazo mama amekaa jikoni kuangalia visu vyake. Watoto wanataka zote, soko ni kubwa. Mama anasema jicho lake halitoshi mashine zote, kwa hiyo mpwa mdogo akae naye jioni mpaka ajue kusema "toa" mwenyewe. Mpwa ameshaanza kwenda, siku ambazo hana abiria wa kuwapeleka Kitangari. Naye siku hizi anaendesha bodaboda ya kaka yake.